Bahari ya Hirsi Kikohozi

Januari 4, kisima cha Gorof

Mungu alipokuwa anagawa bahati, mimi Dalmar Egal nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nilipopokea yangu nikarudi nyuma nikapanga tena. Meli mbili nilizochochea makaa zimezama, zote mbili baada ya mimi kushuka. Malaria ya Mombasa ilinishika mpaka ikanichoka yenyewe. Na sasa nimepata bahati inayozidi zote: Hirsi Kahin, ndugu yangu wa ukoo, mshairi aliyefanya wazee wazima walie mbele ya wake zao, amekufa kichwa chake kikiwa juu ya paja langu, na shairi lake la mwisho akanikabidhi mimi peke yangu. Lote, toka mstari wa kwanza hadi pumzi ya mwisho. Wahifadhi wa mashairi, wenye ndevu za hina, wanakuja kutoka mbali kunisikiliza, nami nakunywa maziwa yao bila aibu.

Naandika kwa Kiswahili nilichookota kwenye mikahawa ya Mombasa, maana hapa kisimani hakuna wa kukisoma. Dada yangu Anab akiniona nimeinama na kalamu husema, "Makaa anawaandikia majini tena." Makaa ndilo jina walilonibandika. Kwetu hakuna anayekwepa jina la kubandikwa. Hirsi walimwita Kikohozi, kwa sababu kabla ya shairi lolote alikohoa mara moja tu, kikavu, na watu wote wakanyamaza.

Januari 5

Upepo. Vumbi ndani ya chai. Nimekunywa vyote.

Januari 9

Leo nimelisema shairi mbele ya wageni, na niliweke jambo lenyewe wazi hapa.

Kiangazi kilichopita, hapa hapa Gorof, watu waligombea zamu ya kunywesha ngamia, na Liban, mtoto wa kwanza wa Hirsi, akachomwa kisu akafa. Aliyemchoma ni mpwa wa Mzee Gurey. Gurey ni mkubwa wa ukoo wa pili, na yeye pia ni mshairi. Ukoo wake ukaahidi ngamia wa fidia. Hirsi hakukubali wala hakukataa, akasema atajibu kwa shairi. Hilo si ajabu kwetu. Jambo zito likijibiwa kwa maneno makavu, watu huona umewadharau. Basi wakasubiri. Mwanzoni mwa jilali, kiangazi chetu kikuu, mimi na Hirsi tukawa tunahamisha mizigo kuja huku, homa ikamshika njiani, akalitunga shairi akiwa amelala chini ya mgunga, akafa. Sasa jibu limo kinywani mwangu. Na Warsame, mtoto aliyebaki, ana bunduki ya baba yake, na ameapa kwamba atafanya kile shairi litakachosema. Likisema damu, ni damu. Likisema ngamia, ni ngamia.

Shairi la Kisomali hufungwa kwa sauti moja tu toka mwanzo hadi mwisho. Hirsi alichagua B. Kila nusu ya mstari lazima iwe na neno lenye B, na mstari usio nayo unajulikana kama ngamia asiye na alama ya ukoo. Ndiyo maana huwezi kuchomeka neno lolote tu ukisahau. Na sheria ya mhifadhi ni hii: kwanza unataja mwenye shairi, na pakikuponyoka unasema "hapa pameniponyoka," unanyamaza. Kuziba shairi la maiti kwa kiraka chako ni kubaya kuliko kumwibia ngamia wake.

Nimelazimisha B iingie na Kiswahilini, msinicheke:

*Bua bichi la bomani, mmelibana bila haya.*
*Baridi imebisha hodi, baba amebaki bubu.*
*Bakuli lake li bandani, limebinuka bila maziwa.*
*Basi bunduki ya begani, baba nakwambia bayana,*

Hapo nilikoma. Warsame alikuwa ameketi mbele yangu, bunduki juu ya magoti.

"Na baada ya bayana, ami?"

"Baada ya bayana ni kikao," nikamwambia. "Baba yako aliniagiza. Mwisho utasemwa mvua ikikaribia, mbele ya koo zote mbili."

"Mimi ni mwanawe. Ninong'oneze tu."

"Nikikunong'oneza utakuwa umesikia uvumi. Subiri usikie shairi."

Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Jibu lilitoka tamu hata mimi mwenyewe nikajisifu.

Januari 17

Ngamia mmoja wa Anab amekataa kusimama. Baridi ya asubuhi inauma meno.

Januari 23

Nilikuwa ndani ya kisima leo. Gorof ni kirefu, watu hujipanga ukutani mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba. Mimi nilikuwa wa chini kabisa, miguu majini. Nikawa nachota na kufurahia, maana mtu aliyechochea tanuri la meli hawezi kutishwa na ndoo. Wimbo ulipofika mahali pa kupumua, nikasikia kikohozi kimoja. Kikavu. Chini yangu.

Chini yangu hakukuwa na mtu. Kulikuwa na maji, tena kidogo.

Nilipopanda juu, Anab akaniangalia. "Mbona umepauka, Makaa? Umegeuka majivu?"

"Nimesikia mtu anakohoa kule chini."

"Kisima kina mafua. Kipe tangawizi."

Nimecheka. Ni kweli mwangwi wa Gorof una utani wake.

Februari 2

Ebla, mjane wa Hirsi na mama wa Liban na Warsame, ameniletea maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kama nipendavyo. Ni mama mfupi, mkavu, asiyepoteza maneno. Nilijua atauliza mwisho wa shairi, nikawa nimeshatayarisha jibu. Hakuuliza.

"Shemeji, aliumia?"

"Hapana. Aliondoka taratibu."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Mzuri. Midomo imefumba, kama mtu aliyemaliza kazi."

"Miaka yote niliyoishi naye," akasema, "Hirsi alilala mdomo wazi. Nilikuwa namfunika na shuka nzi wasiingie."

Akachukua bakuli lake akaenda. Maziwa sikuyamaliza. Mimi, kuacha maziwa.

Februari 3

Hakuna jambo.

Februari 11

Wahifadhi wengine wamekuja. Nimelisema shairi vizuri sana, sauti yangu ni kengele, kila mtu anajua. Lakini kabla ya mstari wa bunduki nimekisikia tena, nyuma ya bega langu la kushoto. Nikageuka. Walioketi mbele yangu wakageuka nao, wakidhani kuna fisi.

Sasa B imenifuata kila mahali. Ndoo ikigonga ukuta wa kisima inasema bu. Ndama akilia anasema baa. Anab anapigapiga kibuyu cha maziwa apate siagi, bu, bu, bu, mpaka nikamwambia apumzishe mikono.

"Nikipumzisha mikono utakula nini, hadithi zako za Mombasa?"

Nikajaribu kukaa peke yangu nilipange shairi kichwani, mstari hadi mstari, kama ambavyo mhifadhi hufanya. Nilifika kwenye bayana. Mwisho ninao. Umelala salama. Sikutaka tu kuuamsha.

Februari 12

Nimejaribu tena. Umelala.

Februari 19

Joto limeingia mchana. Mizoga miwili njiani. Habari imefika kwamba visima vya kusini vimebaki tope, na ukoo wa Gurey unakuja kunywesha Gorof. Hawana pengine pa kwenda. Na yule mpwa aliyemchoma Liban yuko pamoja nao.

Nimemwona Warsame ameketi kwenye kivuli cha banda la mama yake, anaipaka bunduki mafuta ya mkia wa kondoo. Anaipaka kwa upole, kama mtu anayempaka mtoto. Nikampigia utani, nikasema mafuta hayo afadhali tukaangie nyama. Hakucheka. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni nikija likizo, nikimletea peremende za Aden, alikuwa akicheka hata nikipiga chafya.

"Ami," akasema, "kama mwisho wa shairi ni kuua, nikimwacha yule mpwa anywe maji hapa, nitakuwa nimemkosea baba. Kama mwisho ni kusamehe, nikimuua nitakuwa nimemkosea baba. Wewe unajua, na unakunywa chai."



Februari 26

Wamefika asubuhi. Ngamia wao walikuwa mbavu tupu, na watu wao hivyo hivyo. Gurey mwenyewe amekuja kwa miguu, mzee mrefu mwenye jicho moja jeupe. Akasalimia. Watu wetu wakajibu salamu, maana salamu haina kosa. Wakapewa zamu baada yetu.

Mpwa wake alikuwa kijana tu. Sijui nilitarajia nini, labda pembe. Alisimama mwisho kabisa wa mstari na ndoo yake, macho chini, kanzu imechanika begani. Zamu yao ilipofika, akasogea kwenye mdomo wa kisima. Ndipo mahali penyewe. Liban alianguka hapo hapo, jiwe lile lile.

Warsame akainuka.

Hakupiga kelele, wala hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kumfungua ngamia kamba. Bunduki ikapanda begani. Watu wakaganda. Yule kijana akamwona, akaiacha ndoo ianguke, na ndoo ikaenda inagonga ukuta hadi chini: bu, bu, bu.

Warsame hakumtazama yule kijana. Alinitazama mimi.

"Useme sasa, ami. Sasa hivi. Baada ya bayana ni nini?"

Mama yake alisimama kando ya mbuzi na kamba mkononi, hakusema mwanangu, hakusema acha. Wote walikuwa wakinitazama kinywa. Na nyuma ya bega langu la kushoto mtu akakohoa, mara moja, kikavu.

Nikafungua mdomo. Nikataja jina la mwenye shairi kama sheria ilivyo. "Hili si langu, ni la Hirsi Kahin." Nikauanza mstari wa bunduki ya begani, nikafika bayana, na hapo ulimi ukaenda wenyewe:

*Ibaki bila kubweka, kama boti bandarini.*
*Bahari imebeba wengi, baki wewe barani.*

Nilipoisema, nilisikia vizuri B zilivyokaa, kila nusu na yake, zimeshikana kama mawe ya ukuta. Hata katika saa ile nikaona fahari kidogo, Mungu anisamehe. Warsame akabaki ameshika bunduki. Midomo yake ikawa inarudia: baki wewe barani, baki wewe barani. Halafu akaushusha mtutu, akaketi chini pale pale kwenye jiwe la kaka yake, akalia kwa sauti kama ndama.

Yule kijana wa Gurey alikuwa amejikojolea. Anab, ulimi wake wote ule, alikwenda akamfunika na shuka yake mwenyewe bila kusema neno.

Usingizi hauji.

Februari 27

Kikohozi hakijasikika. Hiyo ndiyo inayonitisha.

Machi 8

Leo kikao. Koo zote mbili, wanaume duara mbele, wanawake nyuma yao. Nimelisema shairi lote tena, polepole, na watu wakairudia mistari miwili ya mwisho kwa pamoja. Tayari inaimbwa kwenye visima vingine, nimeambiwa.

Ikawa zamu ya Gurey kujibu. Kwa desturi alitakiwa ajibu kwa shairi, tena kwa B ile ile. Akasimama akaegemea fimbo.

"Shairi ni zuri," akasema. "B zimekaa mahali pake. Ukoo wangu umeshinda kwa shairi hili, maana linatuachia kijana wetu. Ningekuwa mjinga ningenyamaza nikachukua. Lakini nina kitu kimenikwama kooni. Hirsi nilipambana naye kwa mashairi tangu hatujaota ndevu. Alifananisha kila kitu na ngamia, au mvua, au chuchu za mbuzi. Mimi mwenyewe aliniita pumbu la dume mzee, na B ilikuwemo."

Watu wakacheka. Hakucheka yeye.

"Alizaliwa nyikani, akafa nyikani. Hii bahari ameitoa wapi?"

Kicheko kikakatika. Shingo moja baada ya nyingine ikageukia kwangu, mimi Makaa, mimi mwenye hadithi za Aden na Mombasa, mimi niliyewachosha watu hawa miaka na bandari zangu. Warsame alikuwa pembeni yangu. Nilihisi bega lake likikaza.

Nikaanza, "Mzee Gurey..."

"Ameitoa kwangu."

Ilikuwa sauti ya Ebla, nyuma. Mwanamke hasemi kwenye kikao kile. Lakini nani atamwambia mama wa Liban anyamaze?

"Baba yangu alipeleka ubani Berbera," akasema. "Nilikwenda naye nikiwa msichana, nikakaa pwani msimu mzima. Kila jilali kisima kikipungua, Hirsi alikuwa akiniambia, Ebla, nisimulie yale maji mengi. Namsimulia mpaka analala. Sasa wewe, Mzee Gurey, ulikuwa unalala bandani kwetu, hata ujue mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea nini?"

Duara zima likaangua kicheko, ukoo wetu na ukoo wao. Gurey akafunika jicho lake zima kwa kiganja, mabega yakitikisika. Alipoondoa mkono, jicho lilikuwa limelowa.

"Sina B ya kumjibu mjane," akasema. "Ngamia wa fidia watakuja mvua ikianguka."

Basi. Limeisha hivyo.

Ila mimi na Ebla tumekua pamoja, mabanda yetu yalipakana. Baba yake hakuwahi kuuza ubani. Alikuwa kilema, hakuvuka bonde hili.

Machi 9

Amekuja asubuhi, bila maziwa. Akaketi nje ya banda langu akichambua kamba.

"Shemeji. Hiyo bahari ina rangi gani?"

Nikasogea nikaketi karibu naye.

"Wataniuliza wanawake wa kwa Gurey," akasema. "Lazima nijue nilichoona."

Nikamwambia. Nilitafuta mfano wa kumfaa. Nikasema ni kama uwanda baada ya mvua kuu, usio na mti hata mmoja, halafu uwanda wenyewe unapumua. Akafikiri.

"Ngamia wanaweza kunywa?"

"Hapana. Ni chumvi."

"Yote?"

"Yote."

"Kazi bure," akasema, akaendelea na kamba yake.

Nikamuuliza nililoogopa kuuliza. "Ebla, unadhani Hirsi angesema nini hasa?"

Akavuta uzi kwa meno akaukata. "Sijui. Na wewe usinitafutie. Warsame amekula leo asubuhi, vipande viwili vya mkate na siagi. Hirsi kama ana hasira, anikute mimi huko tukionana. Nimezoea hasira zake."

Alipoinuka akanipiga kofi begani, bega la kushoto.

Machi 22

Mawingu. Mvua hakuna.

Machi 30

Mawingu.

Aprili 6

Imenyesha tangu alfajiri. Kila kitu kinanuka vizuri. Watoto wanakimbia uchi, Anab ameweka vyombo vyote nje hata kofia yangu. Ngamia wa Gurey wamefika, wamelowa, na yule kijana ndiye aliyewaleta. Warsame alimpa maji kwenye bakuli la Liban. Bunduki imetundikwa bandani, na kuku wa mama yake ameanza kulala juu yake.

Kuna mhifadhi mmoja amepita akielekea Burao, analisema shairi vizuri kuliko mimi. Huanza, "Hili ni la Hirsi Kahin," hukohoa kimoja, maana hata kikohozi amekihifadhi, halafu hushuka mstari hadi mstari mpaka baharini. Watu wakamsikiliza kwenye mvua. Nikaangalia nyuso zao nikajua kwamba sasa haliwezi kurudi. Nikifa, na Ebla akifa, Hirsi ataendelea kuwa mtu aliyeiona bahari.

Nilianza daftari hili kwa kujisifu bahati, na nimejidanganya humu ndani, kwa lugha ambayo hakuna hata wa kudanganywa. Basi niandike kabla mvua haijakata.

Hirsi aliponiambia nimshike kichwa, nilikuwa nimetembea usiku kucha na ngamia wa mizigo. Alisema mistari yake, akanitaka niirudie, nikairudia. Akafika kwenye bayana. Akapumzika. Akasema, "Makaa, sikiliza sana sasa." Jua lilikuwa zuri mgongoni. Nikalala.

Nilipoamka alikuwa amekufa, na midomo yake imefumba, lakini si kama mtu aliyemaliza. Imebanwa, mmoja juu ya mwingine, vile midomo inavyobanwa mtu akitaka kutamka B.

Sina bahati yoyote. Nilikuwa nimelala.